Wachuuzi wa Unguja katika Picha za Kale

Picha nyingi za wachuuzi, yaani wafanyabiashara wadogo wanaotembeza au kutandaza bidhaa zao, zilizobaki kutoka Unguja ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilipigwa na Wagoa waliofungua studio mjini Zanzibar, miongoni mwao A. C. Gomes na akina Coutinho. Nyingi zilichapwa kuwa kadi za posta, ambazo mnunuzi wake mkubwa alikuwa msafiri wa meli aliyetaka kuwaonyesha jamaa zake Ulaya mahali alikopita, na haja yake ndiyo iliyoamua nani apigwe picha na akae vipi. Ndiyo maana muuza kahawa anaonekana amechutama mbele ya kamera na dele lake, birika la shaba linalokaa juu ya makaa, lakini hana mnywaji hata mmoja, na maelezo yaliyo chini yake hutaja kazi au kabila bila kutaja jina.

Kutokana na mpangilio huo, mtafiti hupata zaidi katika yale ambayo mpigapicha hakuyakusudia. Mavazi ya wanawake waliokaa mkekani na mafungu ya maembe yana uzito wa pekee, kwa sababu baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, vitambaa duni vilivyohusishwa na hali hiyo, wakavaa kanga kama watu huru. Hata hivyo, rangi za kadi hizo si za kutegemewa, maana zilitiwa juu ya picha isiyo na rangi, mara nyingi na wachapaji wa ng'ambo ambao hawakupata kuiona nguo yenyewe. Kinachoaminika ni pindo na mji wa kanga, yaani ukingo wake na sehemu ya kati, pale vinapoonekana wazi.

Majengo nayo husaidia kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe. Jengo la Soko la Darajani likionekana, picha haitangulii mwaka 1904. Na mnara wa saa ukiwa umeshikamana na uso wa Beit al-Ajaib, basi ilipigwa baada ya Waingereza kuupiga mji mizinga tarehe 27 Agosti 1896, kwa kuwa mnara wa awali ulisimama peke yake mbele ya jumba hilo na uliharibiwa siku hiyo.

Mwenye picha ya namna hii nyumbani asiiuze kabla ya kuwaonyesha wazee wa mji, akawauliza mtaa na vifaa vinavyoonekana, na kuyaandika majibu nyuma yake kwa penseli, kwani wino hupenya karatasi na kuiharibu picha.