Sasisho likigoma, mashine inasema nini?

Nadhani hakuna mtumiaji wa kompyuta ambaye hajaonja adha hii. Una kazi ya kupeleka asubuhi, mashine inakuomba uiwashe upya ili ikamilishe masasisho, nawe unakubali kwa roho safi. Asilimia zinapanda, zinafika themanini na kitu, zinakwama. Baada ya nusu saa inakuambia imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Kesho yake inajaribu tena, inashindwa tena. Unampigia simu rafiki yako "mtaalamu", naye anakujibu bila hata kufikiri: zima masasisho yote, usijisumbue.

Ushauri huo una wafuasi wengi mjini. Mimi naupinga, na sababu zangu nazitoa katika historia. Ukifuatilia visa vikubwa vya masasisho ya Windows yaliyogoma, kuanzia 2003, utaona kwamba mara nyingi kilichokwamisha ni jambo la zamani lililokuwa limejificha ndani ya mashine bila mwenyewe kujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye kompyuta, kinachomuumbua ni sasisho.

Hebu tuanze na 2003. Tarehe 16 Julai mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows, zikiwemo 2000 na XP. Tundu lilikuwa kwenye huduma iitwayo RPC, ambayo huiwezesha programu ya kompyuta moja kuiomba kompyuta nyingine kazi kupitia mtandao. Watu wengi hawakukiweka. Tarehe 11 Agosti, hata mwezi haujaisha, akaonekana mnyoo aliyeitwa Blaster, anayepita kwenye tundu hilohilo. Hakungoja ufungue barua pepe wala ubonyeze kitu. Kuunganishwa na intaneti tu kulimtosha.

Sasa tazama kichekesho chake. Mnyoo akiiangusha huduma ya RPC, Windows XP inatoa onyo kwamba itajizima baada ya sekunde 60. Mtu anawasha kompyuta, anaingia kwenye intaneti kushusha kiraka, na kabla kiraka hakijamaliza kushuka mashine imeshajizima. Anawasha tena, yaleyale. Dawa iko kwenye intaneti, na ugonjwa unatoka hukohuko! Juu ya hayo, Blaster alikuwa amepangiwa kuanza kuishambulia anwani ya windowsupdate.com tarehe 16 Agosti, Microsoft ikalazimika kuiondoa anwani hiyo.

Njia ya kujinasua ilikuwepo, tena rahisi. Unaandika amri ya "shutdown -a" kabla sekunde hazijakwisha ili kusimamisha kule kujizima, unawasha fayawoli ya XP, ambayo enzi hizo ilikuja ikiwa imezimwa, kisha ndipo unashusha kiraka kwa utulivu. Funga mlango kwanza, halafu tibu. Kisa hiki kilibadili mambo mengi. Oktoba 2003 Microsoft ilianza utaratibu wa kutoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na Agosti 2004 ikatoa Service Pack 2 ya XP, ambayo iliiwasha fayawoli bila kusubiri uamuzi wa mtumiaji.

Kisa cha pili ni cha Mei 2008, ilipotoka Service Pack 3 ya XP. Baadhi ya kompyuta, hasa za HP zenye prosesa za AMD, ziliwekewa sasisho hilo zikaanza kujizima na kujiwasha bila kikomo. Watumiaji wakalilaani sasisho. Kumbe kiini kilikuwa kiwandani, miaka kadhaa nyuma. Windows ilikuwa imeandaliwa mara moja kwenye mashine ya Intel, kisha nakala ileile ikamwagwa pia kwenye mashine za AMD. Ndani yake ikabaki draiva ya prosesa za Intel, faili moja liitwalo intelppm.sys, ambalo halikuwa na kazi yoyote pale. Baada ya sasisho, draiva hiyo ikaamshwa ikatumikie prosesa isiyo yake, na mashine ikaanguka. Tiba yake ilikuwa kuwasha kompyuta katika hali salama, yaani Safe Mode, na kuizima draiva hiyo.

Kisa hiki kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Kwetu ni jambo la kawaida fundi kupiga Windows kwenye kompyuta zote za ofisi kutoka nakala moja, hata kama mashine zenyewe ni za aina tano tofauti. Na ukinunua kompyuta ya mtumba, nani anakusimulia maisha iliyopitia kabla ya kufika kwako? Siku ya sasisho ndiyo siku ya simulizi.

Kisa cha tatu ndicho kinachonisisimua zaidi. Tarehe 9 Februari 2010 Microsoft ilitoa kiraka kilichoitwa MS10-015, cha kuziba tundu lililokuwemo tangu Windows NT 3.1 ya 1993. Tundu la miaka 17! Baada ya kukiweka, kompyuta kadhaa ziliganda kwenye skrini ya buluu na zikakataa kuwaka. Kelele zikawa nyingi, Microsoft ikasitisha kukisambaza. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kwamba mashine hizo tayari zilikuwa na programu haramu iitwayo Alureon, ya kundi linalojichimbia ndani kabisa ya mfumo endeshi ili lisionekane.

Alureon ilifanya kazi kama mwizi aliyekariri nyumba gizani: hatua tano mlango, hatua saba kabati. Kiraka kilipohamisha baadhi ya vitu ndani ya Windows, mwizi akajigonga ukutani na nyumba nzima ikamwangukia. Maelfu ya maneno yakaandikwa kumlaumu fundi aliyehamisha kabati, na mwenye nyumba hakujua kwamba alikuwa akilala na mwizi. Walioitengeneza Alureon nao waliirekebisha haraka ili isiangushe tena mashine, maana kompyuta isiyowaka haiwafai wezi. Machi mwaka huohuo Microsoft ilikitoa kiraka upya, safari hii kikiikagua mashine kwanza na kukataa kuingia kikikuta dalili hizo.

Kwa hiyo kuna wakati sasisho linagoma kwa makusudi, na kugoma kwake ni habari njema.

Kisa cha nne ni cha juzijuzi. Januari 2024 lilitoka sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, likashindwa kwenye kompyuta nyingi kwa hitilafu 0x80070643. Namba hiyo haina msaada, maana yake ni kwamba uwekaji umeshindwa, basi. Ukweli ni kwamba sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji ilikuwa imebanwa mno, ilhali sasisho lilihitaji MB 250 zilizo wazi humo. Mtu angeweza kuwa na nafasi tele kwenye diski yake na bado akakwama, kwa sababu tu sehemu hiyo ilipimwa ndogo siku Windows ilipowekwa. Microsoft yenyewe ilikiri kwamba ujumbe uliopaswa kutokea ni wa uhaba wa nafasi.

Visa vinne, na kila kimoja kina fundisho lake. Sasisho likigoma, andika namba ya hitilafu na namba ya KB kabla hujagusa kitu, kwa sababu yamkini wengine wameshapitia hapo. Hifadhi kazi zako kwenye fleshi au diski ya nje. Angalia nafasi ya diski. Pima virusi kwa programu iliyo na taarifa mpya. Kisha, ukiwa na madaraka ya msimamizi wa mashine, endesha amri ya "DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth", halafu "sfc /scannow", ili Windows ijikague na kujitengeneza mafaili yaliyoharibika. Kama bado, chomoa vifaa usivyovihitaji na ujaribu tena. Kupiga Windows upya kuwe hatua ya mwisho. Kwa mafundi wengi hiyo ndiyo ya kwanza.

Sisemi kwamba Microsoft haikosei. Sasisho kubwa la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, likasitishwa baada ya siku chache. Kungoja siku kadhaa uone wenzako wamefikaje ni busara. Kuzima kabisa ni kitu kingine.

Waulize Waingereza. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha MS17-010. Tarehe 12 Mei WannaCry akaingia kupitia tundu lililozibwa na kiraka hicho, akafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 zikaguswa. Kule Uingereza, taasisi zinazoendesha hospitali zipatazo 80 kati ya 236 za England ziliathirika. Baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine na maelfu ya miadi yakafutwa. Kiraka kilikuwa kimekaa siku 59 kikisubiri kuwekwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii waliolala chini ya ukuta ni wagonjwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Kwa anayeitumia bila mpango wa nyongeza, hata adha ya sasisho kukwama haipo tena, maana hakuna linalokuja. Mashine inawaka vizuri, iko kimya kabisa. Historia hii imenifundisha kuuogopa ukimya huo kuliko asilimia themanini na kitu zilizokwama. Yako imekaa kimya tangu lini?