Nchi jirani: Kwa nini mlango wa nyuma wa haisi na magari ya kambi hushindwa kuinuka hadi mwisho

Msafiri anayevuka mpaka wa Rusumo, Kabanga au Mutukula kwa basi dogo anaijua desturi ya pale: ofisa husogea nyuma ya gari na kuomba mlango ufunguliwe. Katika magari mengi ya Toyota HiAce, ambayo lugha ya mitaani imeyaita haisi, mlango huo ni mmoja, mpana, na huinuka kuelekea juu. Ukiwa mzima hujipeleka wenyewe hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu na kutulia hapo. Ukiwa mbovu huishia usawa wa kifua au wa paji la uso, na kondakta hulazimika kuleta kipande cha ubao cha kuuegemeza. Mizigo yote hupakuliwa chini ya ubao huo.

Kasoro hiyo huyasumbua zaidi magari ya kambi, yaani yale yaliyoundwa au kugeuzwa ili wasafiri walale, wapike na kuhifadhi vyombo vyao ndani. Aina hii ya gari si ngeni duniani: huko Ujerumani, kiwanda cha Westfalia kilianza kuyatengenezea mabasi madogo ya Volkswagen samani za kambi mwaka 1951, na nchini Japani HiAce ni miongoni mwa magari yanayogeuzwa sana kwa kazi hiyo. Katika Afrika Mashariki huonekana kwenye viwanja vya kambi vya hifadhi za wanyama na pwani. Kwa wenye magari hayo mlango wa nyuma ni paa pia. Chini yake huwashwa jiko, watoto hukaa wakati wa mvua, na mtu huinama kutafuta sufuria bila kutazama juu. Mlango wenye uzito wa kilo 30 ukishuka ghafla juu ya shingo ya mtu aliyeinama, madhara yake si madogo.

Kinachouinua mlango huo ni mirija miwili, mmoja kila upande, ambayo mafundi wengi huiita shokapu za buti. Jina hilo limezoeleka, ingawa linapotosha kidogo. Shokapu ya gurudumu kazi yake ni kupunguza mtikisiko. Hii ya mlango ni springi, ila springi yake ni gesi. Ndani ya silinda iliyofungwa kabisa mmejazwa naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, unaoweza kufikia au kupita mara 100 ya ule wa hewa tunayovuta. Ufito wa chuma uliong'arishwa huingia na kutoka kupitia sili ya mpira, na gesi hiyo daima hujaribu kuusukuma nje. Nguvu inayopatikana hutegemea unene wa ufito: wenye kipenyo cha milimita 10, kwa mgandamizo huo, husukuma kwa nguvu ya karibu nyutoni 785, sawa na kubeba kilo 80 hivi. Ndani pia mna mafuta kidogo, ambayo huilainisha sili na kuutuliza mlango unapokaribia mwisho wa safari yake ili usigonge.

Sili ndiyo sehemu dhaifu. Gesi hupenya kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, hata kama gari limeegeshwa tu. Vumbi la barabara za udongo huganda juu ya ufito na kuingia nalo ndani, likiikwangua sili kila mlango unapofungwa. Maji ya chumvi ya pwani huleta kutu, na doa moja la kutu juu ya ufito hufanya kazi ya msasa. Umri una uzito wake pia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Kwa hiyo gari linaloitwa jipya kwa mnunuzi wa Kampala linaweza kufika na shokapu zilizokwisha kuzeeka huko lilikotoka.

Hata hivyo, si kila mlango unaokataa kuinuka una shokapu mbovu. Mara nyingi mwenye gari ameuongezea mzigo bila kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa mlango wa kilo 30, ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 kutoka kwenye bawaba. Ukifungwa kibebeo cha baiskeli cha kilo 10, kikakaa sentimita 80 kutoka kwenye bawaba hizo hizo, uzito umeongezeka kwa theluthi moja. Lakini kazi inayodaiwa shokapu mlango ukiwa umelala usawa wa ardhi imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, kwa sababu kilicho mbali na bawaba huvuta zaidi. Ngazi, gurudumu la akiba, mbao za kupambia ndani, spika, meza ya kukunja: kila kimoja huongeza deni. Shokapu zilizotoka kiwandani zilikadiriwa kwa mlango mtupu.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mgandamizo wa gesi hufuata joto. Gari lililoondoka Dar es Salaam adhuhuri kwa nyuzi 32, likaamka alfajiri kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro kwa nyuzi 8, limepoteza karibu asilimia 8 ya nguvu ya shokapu zake. Shokapu nzima hailitambui pengo hilo. Ile iliyokuwa ikijikongoja hulitambua, na ndipo watu husema mwinuko wa mlima umeiharibu. Mwinuko hauna hatia. Tofauti ya hewa ya nje ni ndogo mno mbele ya mgandamizo ulio ndani ya silinda. Jua likipanda, mlango hurudi kuinuka, na mwenye gari hudanganyika kwamba umepona.

Kuutambua ugonjwa si kazi ngumu. Mafuta yaliyotiririka juu ya ufito ni ishara kwamba sili imekata. Mlango unaoinuka ukiwa umepinda, upande mmoja mbele ya mwingine, huonyesha shokapu moja imekufa na nyingine inabeba peke yake. Ikiwa zote mbili ni kavu na hazina doa, zifunguliwe, na watu wawili waupandishe mlango kwa mikono: ukikwama mahali fulani, ubovu uko kwenye bawaba zenye kutu au zilizopinda, na shokapu mpya hazitasaidia kitu. Jaribio lingine ni kusimamisha shokapu iliyotolewa, ufito ukiwa chini juu ya ubao, na kuikandamiza. Ile ya nyutoni 500 huhitaji mtu kuiegemea kwa uzito wa kilo 50. Ikiingia kwa mkono mmoja, imekwisha.

Vipuri vyake hupatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na soko la Kisekka jijini Kampala. Makosa mengi hufanyika hapo dukani. Mnunuzi hutaja aina ya gari tu, akapewa shokapu inayofanana kwa macho. Yafaa kwenda na ile ya zamani mkononi na kulinganisha mambo manne: urefu ikiwa imetoka yote, urefu wa safari ya ufito, namna ya ncha zake, na nguvu iliyoandikwa ubavuni kwa tarakimu ikifuatiwa na herufi N. Ikiwa fupi hata kwa sentimita chache, mlango hautafika mwisho ingawa gesi ni nyingi. Wengi wamelaumu kipuri kizima kwa kosa la urefu. Shokapu isiyo na maandishi yoyote, au iliyopakwa rangi upya juu ya maandishi yake, ni ya kuachwa.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua yenye nguvu kuliko zote. Mlango huo utaruka juu na kumpiga kidevu anayeufungua, utakataa kufungwa bila kubamizwa, na baada ya muda bati linaloshikilia vikonyo vya shokapu litapasuka. Nguvu iongezwe kwa kadiri ya mzigo uliofungwa mlangoni, si zaidi. Zinunuliwe mbili kwa pamoja, za aina moja, kwani mpya ikiambatana na iliyochoka huupinda mlango hadi kitasa kisikutane na kufuli yake.

Kuzifunga huchukua chini ya saa moja, lakini si kazi ya mtu mmoja. Gari lisimame mahali tambarare pasipo upepo, na mlango uegemezwe kwa mti imara ulioshikiliwa na mtu wa pili tangu mwanzo hadi mwisho. Kibanio kidogo cha ncha hulegezwa kwa bisibisi bila kung'olewa kabisa, kisha shokapu huvutwa itoke kwenye kikonyo chake cha mviringo. Ibadilishwe moja kwanza, ndipo ya pili. Uelekeo wa ile ya zamani ufuatwe. Kwa kawaida ufito hutazama chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta yabaki juu ya sili na kuilinda isikauke.

Aliye safarini, mbali na duka, ana njia bora kuliko ubao. Akate kipande cha bomba la plastiki chenye urefu sawa na ufito uliotoka nje mlango ukiwa juu, akipasue kwa urefu, na kukivisha juu ya ufito. Shokapu haitaweza kurudi ndani, na mlango hautashuka. Koleo la kubana halifai kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa meno yake huukwaruza ufito na kuimaliza sili iliyokuwa imebaki.

Jambo moja linahitaji kusemwa bila kuficha: shokapu hizi hazijazwi upepo. Fundi anayetoboa silinda na kuchomelea kipande cha kujazia anacheza na chombo ambacho huenda bado kina mgandamizo mkubwa, na pampu ya gereji ya magurudumu, inayotoa takriban sehemu moja ya kumi ya unaohitajika, ingeupa ufito wa milimita 10 nguvu ya kubeba kilo 8 tu. Zaidi ya hayo, hewa ya kawaida ina oksijeni, na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa ikikutana na mafuta huweza kulipuka. Ndiyo maana viwanda hutumia naitrojeni.

Shokapu iliyotolewa isitupwe kwenye jaa linalochomwa, wala isiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila kumwambia ni kitu gani. Hata ile iliyoshindwa kuinua mlango huwa imebakiwa na gesi, na ikiingia motoni silinda hupasuka na ufito hufyatuka kama mkuki. Ihifadhiwe mbali na watoto hadi ikabidhiwe kwa gereji au muuza vipuri anayepokea za zamani.