Redio za Pakiti na Kazi ya Kutafuta Hitilafu

Siku hizi kompyuta ikigoma kuunganishwa katika ofisi zetu za serikali, mtu husema "mtandao hakuna", kisha huagiza chai. Yafaa tuwakumbuke watu ambao hawakuwa na mtandao wa kuusingizia.

Mwezi Juni 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Profesa Norman Abramson, kilianza kuunganisha kompyuta kwa redio. Ujumbe ulikatwa vipande, yaani pakiti. Pakiti mbili zikigongana hewani, kila mtumaji alingoja muda wa kubahatisha, akarudia. Wanaredio wa ridhaa, wanaorusha mawimbi kwa mapenzi tu, waliichukua fikra hiyo huko Montreal, Kanada, mwaka 1978. Mwaka 1985 chama cha Tucson, Marekani, kilitoa kisanduku cha TNC 2, kilichokaa kati ya kompyuta na redio.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Redio iliyobeba sauti vizuri ilishindwa kubeba pakiti. Sikio la mtu husamehe mkwaruzo, kompyuta haisamehe. Herufi moja ikiharibika, pakiti nzima hutupwa. Mtumaji hurudia na kurudia mpaka akate tamaa, na dalili ni ile ile, ikiwa kosa liko kwenye waya, kisanduku, redio au hewani.

Kwa hiyo walijifunza kuigawa njia. Kwanza kompyuta na kisanduku: maandishi yakitokea ovyo kwenye kioo, kasi za pande mbili hazilingani, yasipotokea kabisa, huenda waya wa kutuma na wa kupokea umepishana. Kisha kisanduku na redio: walisikiliza milio yake, ya hezi 1200 na 2200, kwa redio ya pili. Mgeni wa kazi huongeza sauti, kumbe dawa mara nyingi ni kuipunguza, maana ikizidi milio hupotoka. Redio nyingine zilichelewa kugeuka kutoka kupokea hadi kurusha, na kichwa cha pakiti kikakatika. Kisanduku kiliamriwa kisubiri, tuseme sehemu 3 za 10 za sekunde.

Lililowasumbua zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa na kifaa kibovu hata kimoja. Vituo viwili vilivyotengwa na mlima husikiwa na kituo cha kati lakini havisikiani, basi hurusha pamoja na kuharibiana.

Ujuzi huo ulifika hata Afrika. Setilaiti ya UoSAT-3, iliyojengwa Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990, ilitumiwa na shirika la SatelLife, lililoasisiwa na Daktari Bernard Lown, kuwapelekea madaktari wa bara letu ujumbe wa utabibu. Ilionekana juu ya kituo kwa takriban dakika 15 tu kila ipitapo. Daktari ambaye hadi wakati huo hajajua kosa liko kwenye waya au kwenye redio alibaki na maswali ya mgonjwa wake mkononi, akingoja ipite tena.