Rangi ya Chini

Mpango wa karanga uliiachia Nachingwea vitu vichache vya kudumu. Waingereza waliuanzisha Tanganyika mwaka 1947 wakitafuta mafuta ya kula. Mwaka 1951 waliachana nao, wakiwa wamepoteza takriban pauni milioni 36. Reli ya kwenda Mtwara haikumaliza hata miaka 15, ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Majengo ndiyo yaliyodumu zaidi, yakapata wakazi wapya: watumishi wa serikali, walimu, wafanyabiashara. Katika miaka ya 1960 na 1970 Frelimo nao walikuwa na kambi yao hapa, Samora Machel akiwaandaa wapiganaji. Nyumba zikapita mikononi mwa watu, na kila aliyehamia alipaka rangi yake juu ya ile ya aliyemtangulia.

Mjomba wangu anaishi katika nyumba ya umri huo. Alipoamua kuikarabati, aliniita nimsaidie kuchagua rangi, maana kwetu kijana aliyesoma hudhaniwa anajua kila kitu. Fremu ya dirisha la varandani ilikuwa imebabuka. Kwenye ukingo wa kovu nilihesabu rangi tano: krimu, bluu, kijani, kahawia, na chini kabisa nyeupe nzito iliyong'ang'ania mbao. Hiyo nyeupe ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi. Madini hayo huifanya rangi ifunike vizuri, ikauke upesi na istahimili jua na mvua. Pia huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wanapata sumu kutoka kwenye rangi ya kuta na vizuizi vya varanda. Jua liligeuza rangi kuwa unga, watoto wakaushika, kisha wakatia vidole mdomoni. Varanda, jua kali, watoto: mjomba anavyo vyote, na wajukuu ni wawili.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Uingereza haikuuridhia. Badala yake, mwaka 1926 ilitunga sheria ya kuwakinga mafundi wake, na moja ya mambo iliyolenga ni kukomesha kukwangua rangi hiyo ikiwa kavu, kwa sababu ya vumbi. Yaani London walijua hatari ya vumbi miaka 20 na zaidi kabla ya karanga za Nachingwea. Ilikuwa sheria ya mafundi wa kwao. Kwetu lilikuja kopo.

Tusijidanganye kwamba ni mambo ya wakoloni tu. Shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima rangi za mafuta zinazouzwa madukani Tanzania na kukuta nyingine zina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, kwa hiyo dukani niliuliza kwanza habari ya risasi, ndipo nikauliza bei.

Fundi wetu, mzee kutoka Ruangwa, alikuja na msasa mkavu.

"Mzee wangu, hiyo naomba tuilowanishe."

"Mwanangu, nimepiga msasa miaka 30."

Nilimweleza habari ya vumbi. Alinyamaza, akauliza kama ndiyo sababu ya kikohozi chake. Sikuwa na jibu. Tulikubaliana: palipobabuka tu pakwanguliwe, pakiwa pamelowa, juu ya turubai, paliposhika paachwe na kufunikwa, moto usitumike kulainisha rangi.

Kwenye kuta yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nimechagua rangi ya plastiki, ile inayofutika kwa kitambaa. Akagonga plasta ya chokaa, akatikisa kichwa. "Ukuta huu unanyonya maji wakati wa mvua. Ukiuziba, maji yatatafuta pa kutokea, rangi itavimba kama lengelenge." Akataka chokaa, mikono mitatu, kila mkono ukauke kwanza.

Wajukuu walipelekwa Ruangwa kwa bibi yao mpaka kazi iishe. Mabaki ya rangi yalijaza nusu ya mfuko wa saruji. Tuliufunga kwa kamba, na mjomba akakataa katakata usitupwe kwenye shimo la nyuma, karibu na mchicha.