Machozi, Jasho na Damu

Machozi, Jasho na Damu ni albamu ya kwanza ya Professor Jay (Joseph Haule), mwanahiphop wa Tanzania mzaliwa wa Songea, akiwa msanii wa kujitegemea. Ilitoka mwaka 2001, baada ya yeye kung'ara na kundi la Hard Blasters katika albamu ya Funga Kazi. Ilirekodiwa katika studio ya Bongo Records kwa mtayarishaji P-Funk Majani.

Kilele chake ni wimbo "Ndio Mzee": mgombea anamwaga ahadi zisizotekelezeka jukwaani, na umati unaitikia kila moja bila kuhoji. Ni kejeli ya kisiasa iliyosukwa kwa ustadi mkubwa, na iliwafanya hata wazazi waliouona muziki wa hiphop kuwa wa kihuni waanze kuusikiliza. Wimbo "Siyo Mzee" ulifuata kama jibu. Mwaka 2015 Haule mwenyewe aliingia kwenye siasa alizozikejeli, akachaguliwa mbunge wa Mikumi kupitia chama cha Chadema.