Dhahran 1991: Ngao Iliyosifiwa Mapema

Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vilianza kama ugomvi wa majirani. Irak ilikuwa imetoka katika vita vya miaka minane na jirani yake Iran, imelemewa na madeni, ikamshutumu jirani mwingine, Kuwait, kwamba anauza mafuta kupita kiasi na kushusha bei. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Rais Saddam Hussein yalivuka mpaka na kuiteka Kuwait. Saudi Arabia, kwa kuhofia kwamba zamu yake inakuja, ikayakaribisha majeshi ya Marekani na washirika wake. Hayo yamekwisha kusimuliwa sana. Linalostahili kutazamwa tena, hasa na watu wenye kubeba silaha kwa ajili ya nchi zao, ni habari ya mtambo wa ulinzi ulioitwa Patriot.

Irak ilikuwa na makombora ya Scud yaliyotoka Umoja wa Kisovieti, yenye uwezo wa kwenda kilomita 300 tu. Mafundi wake wakayarefusha matangi ya mafuta na kupunguza uzito wa baruti kichwani, wakapata kombora waliloliita al-Hussein, lenye kufika kilomita 600 na zaidi. Mwaka 1988 makombora hayo yaliupiga mji wa Tehran kwa majuma kadhaa, na wakazi wengi wakauhama. Kwa shabaha yalikuwa hafifu mno. Hayakuweza kutegemewa kupiga kiwanja cha ndege wala daraja. Yalikuwa silaha ya kutisha miji, na silaha ya namna hiyo hufanya kazi ya siasa zaidi kuliko ya vita.

Ndivyo yalivyotumika. Siku moja tu baada ya mapigano kuanza tarehe 17 Januari 1991, al-Hussein zilianguka Tel Aviv na Haifa. Israel haikuwa mshiriki katika vita hivyo, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yenyewe: kama Israel ingelipiza, Misri, Syria na Saudi Arabia zingejikuta upande mmoja nayo dhidi ya nchi ya Kiarabu, na huenda umoja wao na Marekani ungevunjika. Watu walijifungia vyumbani na vinyago vya kuzuia gesi usoni. Marekani ikaharakisha kupeleka mitambo ya Patriot pamoja na askari wake. Kwa hiyo ngao hiyo ilipewa kazi mbili kwa pamoja: kuyazuia makombora, na kuizuia serikali ya Yitzhak Shamir isiingie vitani. Katika kazi ya pili ilisaidia, na haki hiyo haifai kunyimwa.

Kazi ya kwanza ni habari nyingine. Patriot iliundwa ili kutungua ndege. Uwezo wa kupambana na makombora ulikuwa nyongeza ya miaka ya karibuni. Al-Hussein nayo, kwa sababu ya kurefushwa ovyo, ilikuwa ikikatika vipande iliposhuka kutoka juu, na vipande hivyo vikayumba huku na huku. Watazamaji wa televisheni waliona miali ikilipuka usiku wakashangilia, kumbe mlipuko angani si ushahidi kwamba kichwa cha kombora kimeharibiwa. Hata hivyo, tarehe 15 Februari, Rais George Bush alifika katika kiwanda cha Patriot huko Andover, Massachusetts, akawatangazia wafanyakazi kwamba kati ya Scud 42 zilizokabiliwa, 41 zimezuiwa.

Siku nne kabla ya hotuba hiyo, Waisraeli walikuwa wamekwisha kuwafahamisha wakuu wa mradi wa Patriot jambo zito. Mtambo ulipowashwa saa nane mfululizo, rada yake ilianza kupoteza usahihi. Sababu ilikuwa saa iliyomo ndani ya kompyuta. Ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika tarakimu za kompyuta. Kila mara kilikatwa kijipande kidogo mno. Baada ya saa 100 vijipande hivyo vilifikia thuluthi moja ya sekunde. Rada inapoliona kombora, kompyuta huhesabu mahali pa kulitazama tena, na kwa kosa hilo ilitazama kando kwa mita 687. Isipoliona hapo, huamua kwamba hakuna kitu.

Dawa ya muda ilikuwa rahisi: kuzima mtambo na kuuwasha upya, kazi isiyozidi dakika moja na nusu. Tarehe 21 Februari ofisi ya mradi ilituma waraka ukionya kwamba kuuendesha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta kasoro. Haukueleza muda mrefu sana ni saa ngapi. Majeshi mengi yanazo nyaraka za namna hiyo katika majalada.

Usiku wa tarehe 25 Februari mtambo uliolinda eneo la Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100. Scud ilikuja, na hakuna kombora lililorushwa kuikabili. Iliangukia ghala lililofanywa bweni la askari, ikaua Wamarekani 28 na kujeruhi karibu 100. Kumi na watatu kati ya waliokufa walikuwa wa kikosi kimoja cha kusafisha maji kutoka Greensburg, Pennsylvania, chenye watu 69, ambao walikuwa na siku sita tu nchini humo. Programu iliyosahihishwa ilikuwa tayari tangu tarehe 16, ikawa inasafirishwa kutoka kituo hadi kituo. Ilifika Dhahran tarehe 26.

Mwaka 1992 wataalamu, akiwamo Theodore Postol wa chuo cha MIT, walizipinga hesabu za ushindi mbele ya Bunge la Marekani. Jeshi lenyewe likateremsha madai yake hadi asilimia 70 kwa Saudi Arabia na 40 kwa Israel. Wakaguzi wa Bunge walipopekua kumbukumbu, ushahidi ulio imara waliupata kwa asilimia 9 hivi tu ya mapambano hayo.