Habari za Kidole-Tumbo

Mwilini mwa mwanadamu mna viungo vingi vilivyochomoza, kama pua, masikio na vidole. Hivyo kila mtu avijua, maana vi nje. Lakini ndani ya tumbo, upande wa kuume chini, karibu na pale utumbo mwembamba uingiapo katika utumbo mpana, pana kitu kingine kilichoota kama mnyoo. Unene wake ni kama wa kalamu ya risasi, urefu wake kwa kawaida sentimita 8 au 9, na ncha yake imezibika. Hicho ndicho kidole-tumbo. Habari zake zastahili kusomwa, kwa kuwa wataalamu walikijua zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kutambua kwamba ndicho kilichokuwa kikiwaua watu.

Galen, mganga mkuu wa zamani za Warumi, hakukitaja. Wala si kwa uvivu. Desturi ya wakati ule haikuruhusu kupasua maiti za watu, basi alijifunza kwa kupasua nyani, na nyani wale hawana kidole-tumbo. (Sokwe anacho.) Vitabu vyake vikafuatwa kwa muda wa miaka 1300 hivi. Hata mwaka 1521 Berengario da Carpi, mwalimu wa Bologna katika Italia, akakiandika. Na mwaka 1543 Vesalius akakichapisha katika picha za kitabu chake kikubwa. Hivyo kikajulikana kwa umbo, lakini hakuna aliyekitilia shaka.

Mwaka 1735 Claudius Amyand, mpasuaji wa London, alimtibu mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri. Alipofungua akakuta kidole-tumbo kimeshuka ndani ya ngiri ile, nacho kimetobolewa na pini aliyoimeza mtoto. Akakikata, na mtoto akapona. Tukumbuke kwamba dawa ya usingizi haikuanza kutumiwa hospitalini mpaka 1846; mtoto yule aliyasikia yote kwa muda wa nusu saa hivi.

Hata hivyo waganga waliendelea kumlaumu jirani, yaani ule mwanzo wa utumbo mpana, kila walipoona usaha upande wa kuume. Wagonjwa wakapewa haluli au afyuni. Haluli husukuma matumbo yaliyokwisha kuumia. Afyuni hunyamazisha maumivu, huku kidole kikizidi kuoza. Ndipo mwaka 1886 Reginald Fitz wa Boston, katika Marekani, alipowaonyesha wenzake kwamba usaha ule kwa kawaida huanzia katika kidole-tumbo. Mdomo wake huziba, mara nyingi kwa mavi yaliyokauka. Kikavimba, kikaoza, kikapasuka. Maumivu huanza kitovuni, kisha huhamia kuume. Fitz akashauri kisu kitumiwe mapema.

Si wote waliomkubali. Frederick Treves, mpasuaji mashuhuri wa London, alifundisha kwamba ni heri kungoja uvimbe utulie kwanza. Mwaka 1900 binti yake mwenyewe akafa kwa ugonjwa huo.

Miaka miwili baadaye aliitwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Kutawazwa kwake kuliwekwa tarehe 26 Juni 1902, na wageni wa mbali walikuwa wamekwisha kufika. Miongoni mwao alikuwamo Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, pamoja na katibu wake Ham Mukasa, ambaye baadaye aliandika kitabu cha safari ile. Mfalme akashikwa na tumbo. Yasimuliwa kwamba alishikilia kwenda kanisani, naye Treves akamjibu kwamba akienda atakwenda maiti. Tarehe 24 akapasuliwa katika jumba lake, usaha ukatolewa, na kidole chenyewe kikaachwa mahali pake. Wageni wengi wakarudi kwao, Katikiro alingoja. Tarehe 9 Agosti Mfalme akavikwa taji. Tangu hapo watu wengi waliokuwa wakikiogopa kisu waliona kwamba hata mfalme amepasuliwa akaishi.

Na kazi ya kidole hiki ni nini? Mwaka 1871 Charles Darwin alikiita masalio yasiyo na faida. Siku hizi wataalamu wameona kwamba kina chembe za kupigana na maradhi, ingawa aliyekatwa huishi vema bila hicho.

Lakini kikioza hakina huruma, hata kwa daktari. Mwezi wa Aprili 1961 Leonid Rogozov, Mrusi wa miaka 27, alikuwa daktari wa pekee katika kituo cha watu 13 kwenye barafu ya Antaktika, na dhoruba ilizuia ndege. Akatambua dalili ndani ya mwili wake mwenyewe. Usiku wa tarehe 30 akajichoma ganzi, mwenzake mmoja akamshikia kioo, mwingine akampa vyombo, wala hawakuwa waganga. Kwa muda wa saa mbili kasoro robo hivi alijipasua, mara nyingi akitafuta kwa vidole kwa sababu kioo kilimgeuzia kushoto kuwa kuume. Alipokitoa akakiona kina doa jeusi kwenye shina lake. Baada ya majuma mawili akarudi kazini.